Pingu Zilizochukuliwa, Kisha Zikarudishwa

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Jumba la Nyayo, Nairobi, kufuatilia pasipoti. Anayelijua jumba hilo, pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway, anazijua pia foleni zake: bahasha ya kaki mkononi, cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne, na macho yote kwenye dirisha ambalo karani wake ametoka kidogo. Nyuma yangu alisimama mzee mmoja aliyevaa koti zito ingawa jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Zamu yake ilipofika aliambiwa apande juu kurekebisha jina lililoandikwa vibaya, nami nilikuwa nimeelekezwa hukohuko. Nikamwonyesha lifti. Akatikisa kichwa. "Kijana, lifti ya hapa nilishaipanda ya kunitosha," akasema, akaelekea kwenye ngazi. Niliona haya kumwacha, tukapanda pamoja polepole, tukipumzika kila ghorofa, na hakuongeza neno. Sikumuuliza. Mkenya wa rika langu hahitaji kufafanuliwa kauli kama ile.

Chini ya jumba hilo, mahali ambapo watu wengi hudhani ni maegesho ya magari tu, kuna vyumba vidogo visivyo na dirisha. Huko ndiko maofisa wa Special Branch, tawi la ujasusi la polisi, walikowafungia wahadhiri, wanafunzi, waandishi wa habari, wakulima na wafanyabiashara katika msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Rais Moi, hasa mwaka 1986 na 1987. Simulizi za walionusurika zinafanana kiasi kwamba mtu akizisoma tano huweza kuibashiri ya sita: mshukiwa alizungushwa mjini ndani ya gari akiwa amefungwa kitambaa machoni, akashushwa chini ya jengo, akapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kabisa kuhojiwa akiwa uchi mbele ya jopo la wanaume, akapigwa, kisha akarudishwa chini kwenye chumba kilichojazwa maji na kupulizwa hewa ya baridi, halafu ya joto, halafu ya vumbi. Wanyiri Kihoro alikaa humo siku 74. Wengine walifikishwa mahakamani jioni, saa ambazo kwa kawaida majengo ya mahakama huwa yamefungwa, wakakiri makosa bila wakili na kuhukumiwa vifungo vya miaka kadhaa kabla ya jamaa zao kujua wako wapi. Wakili Gibson Kamau Kuria alipotoa notisi mwaka 1987 kwamba angeishtaki serikali kwa niaba ya wateja wake walioteswa, alikamatwa yeye na kuwekwa kizuizini hadi Desemba mwaka huo.

Ninayaeleza haya kwa sababu swali la kama idara za ujasusi hubadilika kweli baada ya kashfa kuwekwa hadharani huwa linajadiliwa hewani mno, kana kwamba "idara" ni mtu mmoja mwenye dhamiri, anayeweza kuona aibu na kutubu. Idara haioni aibu. Ina majengo, bajeti, majalada, vyeo, na uwezo fulani wa kisheria ambao ama inao ama haina. Kwa hiyo, kila ninapoambiwa kwamba idara fulani imefanyiwa mageuzi, huuliza jambo moja tu: ni kitu gani hasa kilichotolewa mikononi mwake, na sasa kinashikwa na nani?

Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya historia ya ujasusi nchini Kenya ni historia ya kubadilisha majina. Special Branch tuliirithi kwa Waingereza, walioipanga upya mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari, kazi yake kuu ikiwa kuwanasa Mau Mau. Ofisa wake aliyejulikana kuliko wote, Ian Henderson, ndiye aliyeongoza msako wa kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956. Serikali huru ilimfukuza nchini mwaka 1964, na mtu angetarajia kwamba habari zake zingeishia hapo, lakini miaka miwili baadaye alikuwa Bahareni akiongoza usalama wa dola ile, kazi aliyoifanya hadi 1998 huku wapinzani wa serikali ya huko wakimtuhumu kwa mateso, tuhuma alizozikana. Ujuzi wa aina hii haufi kwa sababu nchi moja imeukataa. Huenda kutafuta mwajiri mwingine.

Majalada nayo yalihama. Kabla ya bendera kushushwa, wakoloni walichoma baadhi ya nyaraka na kusafirisha nyingine, na ni mwaka 2011 tu, kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, ambapo Uingereza ilikiri kwamba majalada yapatayo 1,500 yanayohusu Kenya yalikuwa yamehifadhiwa kimyakimya katika kituo chake cha Hanslope Park. Juni 2013 ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Hebu fikiria maana yake kwa mjadala huu. Serikali ya mwaka 1963 ilikabidhiwa chombo kizima kikiwa kinafanya kazi, ila ushahidi wa kilichofanywa kwa chombo hicho ukawa umepakiwa kwenye ndege. Hata kama pangekuwa na mtu mwenye nia ya kukisafisha, angeanzia wapi?

Mwaka 1965 James Kanyotu akawa mkuu wa Special Branch, akakaa hapo hadi 1991, chini ya marais wawili, katika kipindi kilichobeba mauaji ya wanasiasa, jaribio la mapinduzi la 1982 na vyumba vya Jumba la Nyayo. Katikati ya msako wa Mwakenya, mwaka 1986, idara ilibadilishwa jina ikawa Kurugenzi ya Ujasusi wa Usalama. Sijawahi kumsikia mtu yeyote mtaani akilitumia jina hilo. Waliokuwa wakichukuliwa usiku walichukuliwa na "Special", na walioogopa kuchukuliwa walishusha sauti ya redio na kuchungulia dirishani kabla ya kusema lolote kuhusu serikali. Inafaa pia kukumbuka kwamba Kanyotu alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa Goldenberg International, kampuni iliyojichotea mabilioni ya shilingi za umma kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje ya nchi. Siri iliyodaiwa kuwa ya usalama wa taifa iligeuka kuwa kificho kizuri cha biashara.

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba ninasema hakuna kinachobadilika kamwe, kwa kuwa hilo si kweli, na Kenya yenyewe inathibitisha. Sheria iliyopitishwa mwaka 1998 ilifanya jambo ambalo majina yote ya awali hayakulifanya: iliitoa idara ya ujasusi ndani ya polisi, ikaipa mipaka iliyoandikwa, ikamwekea mkurugenzi wake muhula wa miaka mitano, na, muhimu kuliko yote, haikuiachia uwezo wa kukamata watu. Idara mpya, NSIS, iliyoanza kazi Januari 1999 chini ya Brigedia Wilson Boinett, ilipaswa kukusanya habari, kuzichambua na kuzipeleka kwa wanaohusika. Kumfunga mtu pingu likawa jukumu la polisi, ambao angalau wana kitabu cha matukio, kituo chenye anwani, na wajibu wa kumfikisha mshukiwa mahakamani.

Yalikuwa mageuzi ya kweli. Hayakutokana na toba. Yalitokana na shinikizo la miaka ya tisini la vyama vya upinzani, mawakili, makanisa na kina mama wa wafungwa wa kisiasa, na pia na fedheha ya mlipuko wa 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, uliodhihirisha kwamba idara iliyokuwa na masikio katika kila baa na kila ukumbi wa chuo haikuwa na habari za kutosha kuhusu lori lililopakiwa mabomu. Matokeo yake yalionekana miaka kumi baadaye. Tume ya Jaji Philip Waki ilipochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mkuu wa NSIS alitoa ushahidi mbele yake, na Tume ikabaini kwamba idara ilikuwa imeonya mapema kuhusu hatari ya vurugu lakini tahadhari hizo hazikufanyiwa kazi ipasavyo. Hebu linganisha: mwaka 1987 idara inamfunga wakili anayetaka kuishtaki serikali, mwaka 2008 inajibu maswali ya jaji kuhusu ilichokijua. Anayesema kwamba hakukuwa na tofauti hajazungumza na waliopitia yote mawili.

Lakini kuna kitu ambacho sheria ya 1998 haikukigusa, nacho ni watu. Hadi leo hakuna ofisa hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa yaliyofanyika chini ya Jumba la Nyayo. Bernard Chunga, aliyeendesha mashtaka katika kesi nyingi za Mwakenya, aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu mwaka 1999, mwaka uleule ambao idara mpya ilianza kazi ikiahidi ukurasa mpya. Alijiuzulu Februari 2003, mwezi uleule ambao serikali ya Mwai Kibaki ilifungua vyumba vile kwa umma na walionusurika wakashuka humo mbele ya kamera, wengine wakionyesha kwa vidole kona walizolala, wengine wakishindwa kuvuka mlango. Iliahidiwa kwamba mahali pale pangekuwa kumbukumbu ya taifa. Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21, na hukumu nyingine zikafuata. Fedha hizo, bila shaka, hazikutoka mfukoni mwa aliyefungulia maji. Zililipwa na walipa kodi, yaani mimi na wewe, na hata yule mzee wa koti zito.

Nikija kwenye kile ninachokiona kuwa kiini cha jambo hili, kashfa za ujasusi ziko za namna mbili, na huvuta kamba kutoka pande tofauti. Ipo kashfa ya kutenda, pale inapofichuka kwamba idara imetesa, imesikiliza simu za watu au imeua. Ipo pia kashfa ya kushindwa, pale bomu linapolipuka na wananchi wanauliza waliokuwa wakilipwa kulizuia walikuwa wapi. Ile ya kwanza huipunguzia idara uwezo, nayo huchukua miaka mingi kuzaa sheria. Ya pili huiongezea uwezo na bajeti, na huzaa sheria kwa wiki chache. Idara inayosubiri kwa utulivu baada ya kashfa ya kutenda inajua kwamba siku ya kashfa ya kushindwa itafika, na itakapofika, wale wale waliokuwa wakilaani ndio watakaokuwa wakiuliza kwa nini haikupewa meno.

Kwetu siku hiyo ilikuja mara nyingi mfululizo. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika duka kubwa la Westgate. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 walishushwa kwenye basi karibu na Mandera na kupigwa risasi, na siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti hiyohiyo. Tarehe 18 Desemba Bunge lilikaa kuupitisha mswada wa marekebisho ya sheria za usalama, katika kikao ambacho wabunge walirushiana makonde na karatasi zikachanwa hadi ukumbi ukafanana na uwanja wa soko baada ya mvua. Kesho yake mswada ukawa sheria. Magazeti yalishughulikia zaidi vifungu vilivyotaka kuwabana wanahabari, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Kilichopita karibu bila kelele ni kifungu kimoja kilichompa ofisa wa ujasusi uwezo wa kumzuia mtu anayemkuta akitenda kosa kubwa, au akiwa na kitu kinachoweza kutumiwa kulitenda, kisha amkabidhi kwa polisi.

Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria ile tarehe 23 Februari 2015, lakini hicho hakikuwa miongoni mwake. Mtetezi wake atasema kwamba ni uwezo mdogo, wenye masharti, na kwamba si busara kumtaka ofisa aliyemwona gaidi na bomu mkononi aanze kutafuta namba ya kituo cha polisi. Nakubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Ninachokiona mimi ni kwamba kile kitu kimoja kilichochukuliwa mwaka 1998, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kutumiwa vibaya, kilirudishwa ndani ya mwezi mmoja wa hofu, na kati ya kumzuia mtu na kumkabidhi kuna muda ambao hakuna anayeupima kwa saa.

Tusijidhanie wa pekee. Wamarekani, wanaopenda kutolewa mfano katika jambo hili, wamepita njia hiyohiyo wakiwa na mabunge na mahakama zenye nguvu kuliko zetu. Usiku wa tarehe 8 Machi 1971 raia wachache walivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, wakatoka na nyaraka zilizofichua mpango wa COINTELPRO wa kuhujumu makundi ya kiraia. Kamati ya Seneta Frank Church, iliyoundwa Januari 1975, ilieleza mengi zaidi, ikiwemo barua isiyo na jina ambayo FBI ilimtumia Martin Luther King mwaka 1964 ikimshawishi ajiue. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kulazimisha kibali cha mahakama maalumu kabla ya kusikiliza mawasiliano ndani ya nchi kwa sababu za kijasusi. Hapo kitu kilichukuliwa kweli. Halafu ikaja Septemba 2001, Rais George W. Bush akaruhusu mawasiliano yasikilizwe bila kibali hicho, gazeti la New York Times likafichua Desemba 2005, na kashfa ikaishia wapi? Mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyohalalisha sehemu kubwa ya kilichokuwa kikifanyika, na kuzikinga dhidi ya mashtaka kampuni za simu zilizoshiriki. Edward Snowden alipovujisha nyaraka mwaka 2013, mageuzi ya 2015 yaliizuia serikali kujikusanyia kumbukumbu za simu za umma kwa jumla, nalo ni jambo la kushukuriwa, lakini mlango mkubwa zaidi, unaohusu mawasiliano ya wageni walioko nje, umeendelea kurefushwa muda. Sisi wasomaji wa Kiswahili tusio raia wa Marekani tumo ndani ya neno hilo "wageni".

Afrika Kusini nayo ilijenga idara mpya baada ya 1994, ikaziunganisha mwaka 2009, na jopo lililoongozwa na Sydney Mufamadi, ambalo ripoti yake ilichapishwa Machi 2019, likakuta kwamba zilikuwa zimegeuzwa uwanja wa vita vya makundi ndani ya chama tawala. Waliozijenga walikuwa wahanga wa ujasusi wa makaburu. Kuumizwa na chombo hakumzuii mtu kukitumia atakapokishika yeye.

Ugumu mwingine ni kwamba mageuzi ya polisi unaweza kuyaona, lakini ya majasusi unaambiwa tu. Ofisa wa trafiki akiacha kuomba rushwa, dereva wa matatu atajua wiki hiyohiyo. Idara ya ujasusi ikiacha kumsikiliza mtu, yule mtu hatajua, kama ambavyo hakujua ilipoanza. Sheria ya 2012, iliyoipa idara yetu jina la sasa la NIS, iliunda pia bodi ya kupokea malalamiko ya wananchi. Nimewauliza mawakili watatu ninaofahamiana nao kama wamewahi kumwona mteja aliyepeleka lalamiko huko. Wawili walicheka. Wa tatu aliniuliza ofisi yake iko mtaa gani.

Basi tuangalie kilichotokea chombo hiki kilipojaribiwa tena. Baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Juni 2024, watu walianza kuchukuliwa na wanaume waliofunika nyuso, ndani ya magari ambayo namba zake hazikuongoza popote. Hadi mwisho wa Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa, 29 kati yao wakiwa bado hawajulikani waliko. Serikali ilikana kuhusika, na hadi wakati huo hakuna mahakama iliyokuwa imesema ni idara gani iliyotenda. Lakini Januari 2025 Justin Muturi, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati mwanawe alipochukuliwa, aliandikisha taarifa kwa wapelelezi akieleza kwamba aliwauliza wakuu wa usalama mmoja baada ya mwingine asipate jibu, hadi alipokwenda Ikulu kumwona Rais. Kwa maelezo yake, Rais alimpigia simu mkuu wa NIS, na kijana akaachiliwa muda mfupi baadaye.

Nimeisoma taarifa hiyo mara kadhaa, na kila mara macho yangu hutua kwenye simu ile. Huyu alikuwa mshauri mkuu wa sheria wa serikali nzima, mtu ambaye kila kifungu cha mwaka 1998, cha 2012 na cha 2014 kilikuwa rafuni mwake, naye, kwa kauli yake mwenyewe, hakuona kifungu cha kumsaidia ila ngazi za Ikulu. Wiki zilezile wazazi wa wale wengine walikuwa wakizunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti wakiwa na picha za watoto wao kwenye simu, na katika kila kaunta waliambiwa jina hilo halimo kitabuni.